Hesabu mapigo yako kabla hujatoka kitandani

Mashua zikishashusha mzigo pale soko la samaki Bagamoyo, simama karibu na wapaa samaki. Samaki aliyetoka majini punde akipasuliwa, moyo wake huweza kuendelea kudunda peke yake mezani. Ubongo hauuamuru tena. Anayetaka kujipima mapigo vizuri aanzie hapo.

Moyo una seli zisizojua kutulia. Kwa binadamu zimekusanyika kileleni mwa chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia, kwenye kifundo ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza huko Uingereza mwaka 1907. Chaji ndani ya seli hizo ikishuka hadi karibu milivolti -60, vijilango vya utando wake hufunguka na sodiamu huvuja kuingia. Chaji hupanda taratibu. Ikikaribia -40, kalsiamu huingia kwa wingi, na hilo ndilo pigo. Kisha potasiamu hutoka, chaji hushuka, na huko kushuka ndiko kunakofungua tena vijilango vya sodiamu.

Kifundo kikiachwa bila mishipa ya fahamu hupiga kama mara 100 kwa dakika. Unapopumzika, mishipa hiyo hukizuia. Ukishtuka au ukipanda ngazi, hukiachia kasi. Kwa hiyo ukijipima baada ya kahawa, au umetoka kubishana na kondakta, unapima hasira tu.

Jipime alfajiri, ungali umelala. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba. Gumba lenyewe usilitumie, maana lina mapigo yake. Hesabu dakika nzima. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha kwa 4. Mapigo yanayoruka hufichika humo. Andika idadi, na kama yalikwenda sawasawa. Fanya hivyo kwa wiki moja.

Kati ya 60 na 100 ni kawaida. Mchezaji mpira au mvuvi aliyezoea kupiga kasia anaweza kuwa chini kidogo na asiwe na neno. Kijana ambaye mapigo yake huharakisha akivuta pumzi na kupoa akiitoa, naye ni mzima. Anayetumia dawa ya atenolol atahesabu machache, lakini asiiache bila daktari.

Kifundo cha moyo kikichoka, sehemu za chini za moyo hushika zamu: kwanza kwa 40 hadi 60, zikishindwa hizo, 20 hadi 40. Mtu anaishi, ila kizunguzungu hakimwachi na anaweza kuzimia. Mwenye mapigo machache na dalili hizo asingoje wiki iishe. Aende hospitali ya wilaya siku hiyohiyo, aombe kipimo cha umeme wa moyo. Ikibidi atapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wanakoweka betri ya moyo. Abebe daftari lake na dawa zote anazotumia, za miti shamba pia.