KAMPANI ILIYOTAWALA NCHI

Mtu atokaye Levolosi kwenda kati ya mji wa Arusha hafiki mbali kabla hajaliona boma la kale. Boma hilo lilijengwa mnamo mwaka 1900 na Wadachi, yaani Wajerumani. Nao Waarusha na Wameru walitumikishwa kulijenga. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho. Lakini habari yake haikuanza Arusha, wala haikuanza kwa bunduki. Ilianza kwa karatasi.

Mwezi wa Novemba 1884 Mdachi mmoja, jina lake Carl Peters, alifika Unguja pamoja na wenzake. Wakavuka bahari, wakaingia bara hata Usagara. Walipofika kwa mkubwa wa nchi walimpa zawadi, kisha wakamtolea hati iliyoandikwa Kidachi, naye akatia alama yake. Mmoja wa wakubwa hao alikuwa Mangungu wa Msovero. Hati zilisema kwamba wametoa nchi zao pamoja na haki zao. Wakubwa hao hawakuwa wajinga. Walijua mipaka yao, na desturi ya kufanya urafiki na wageni. Ila hati zile hawakuweza kuzisoma.

Peters akarudi kwao na karatasi zake. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akaipa Kampani yake ruhusa ya kutawala. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikataa. Lakini manowari zikaja mbele ya mji wake, akalazimika kukubali. Mwaka 1886 Wadachi na Waingereza wakagawana nchi, na milima ya Kilimanjaro na Meru ikawa upande wa Wadachi. Wenyeji hawakuulizwa.

Basi Kampani ikawa mfanya biashara na hakimu pamoja. Mwaka 1888 ikakodi pwani kwa Sultani, ikapandisha bendera yake, ikatwaa ushuru. Mwezi wa Agosti watu wa Pangani wakaondoka kuipinga, na mkuu wao akawa Abushiri bin Salim. Kampani haikuweza kuwashinda, ikaomba msaada wa serikali yake. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Udachi ikaitwaa nchi. Kampani ikabakiwa na biashara na mashamba, hasa ya katani, iliyoletwa mwaka 1893.

Hivyo Kampani ilitawala kwa miaka michache tu, lakini mpaka uliotokana na karatasi zake ungaliko hata leo kati ya Tanzania na Kenya. Mfanya biashara hutafuta faida, na hilo si kosa. Lakini mtafuta faida akipewa na kiti cha hakimu, mnyonge atamshtaki kwa nani? Wala mtu asitie alama yake katika neno asilolisoma.

MASWALI
1. Kwa nini wakubwa wa Usagara walitia alama katika hati?
2. Kwa nini watu wa Pangani waliipinga Kampani?
3. Ni alama gani za habari hizi ziwezazo kuonekana hata leo?