Dada, nilichukue tandiko la mtini la bei ya kutupa?

Mdogo wangu wa Columbus, Ohio, ujumbe wako nimeupata. Wenzako wa kazini wamekualika kuwinda kulungu, na mmoja wao anataka kukuuzia tandiko lake la zamani la mtini kwa bei ya kutupa. Mshukuru, mkaribishe chai, tandiko mwachie mwenyewe. Najua hauko peke yako katika hili. Sisi tuliokulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, tunafika Marekani tukiwa wageni kabisa wa mambo haya, halafu tunaona aibu kuuliza.

Kwa wasiolijua tandiko hilo: ni mkanda mpana wa kitambaa imara, unakumbatia makalio, na una vishikizo vya mapajani. Mbele kuna kamba fupi inayotoka nyonga moja hadi nyingine, nayo inanaswa kwa karabina kwenye kamba kuu iliyozungushwa mtini. Unauelekea mti, nyayo zikiwa juu ya kibao kidogo cha kukanyagia, kisha unaegemea nyuma, au unakaa magoti yakigusa gome. Shina lenyewe linakuficha. Na ni jepesi: tandiko tupu lina uzito wa kilo moja hivi, wakati vile viti vya chuma vya kupanda navyo mtini mara nyingi hupita kilo nane. John Eberhart, mwindaji wa upinde wa kule Michigan, amewinda kwa mtindo huu tangu miaka ya 1980, kabla haujawa fasheni.

Sasa kwa nini ninakukataza lile kuukuu? Kamba na mikanda huliwa na jua, jasho na kemikali, na jicho haliwezi kuona kila kilichooza ndani. Hujui lilikaa wapi, pengine miaka mitatu kwenye buti la gari karibu na dumu la petroli. Watengenezaji wenyewe huweka muda wa matumizi, ukiisha, linatupwa. Kama mfuko haujakaa sawa, nunua jipya la bei nafuu kutoka kwa kampuni inayoandika wazi uzito linaoweza kubeba. Na tafadhali, karabina za kuning'inizia funguo zisikaribie mti huo. Tumia zilizotengenezewa kupandia, zenye kufuli mlangoni na nguvu iliyochapwa ubavuni.

Dada zangu wenye nyonga za kutosha, msidanganywe na "saizi moja kwa wote". Jipime ukiwa umevaa suruali nzito ya Novemba, maana ndiyo utakayoivaa. Tandiko la kipande kimoja hukunjika vizuri mkobani. La vipande viwili hukuruhusu kushusha kimoja mapajani na kupandisha kingine kiunoni ukichoka. Nyonga zikibanwa, refusha kidogo ile kamba ya mbele kabla hujaanza kulilaani tandiko. Kamba kuu ianzie usawa wa paji la uso ukiwa umesimama. Ukiipandisha unakaa zaidi, ukiishusha unaegemea zaidi. Mambo haya yajaribie nyumbani, kwenye mti wa uani, kibao kikiwa chini ya magoti. Kaa saa nzima. Mahali panapouma baada ya saa moja uani patakutesa zaidi gizani kwenye baridi.

Lakini kukaa siyo hatari kubwa. Wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Umewahi kumwona fundi wa umeme nguzoni, amejizungushia mkanda na kiuno kimetulia? Tandiko lina kamba ya kazi hiyo hiyo, na huvaliwa miguu ikiwa bado ardhini. Ukifika juu, funga kwanza kamba kuu, iegemee kwa uzito wako wote, uone fundo limeshika. Hapo ndipo unafungua ile ya kupandia. Kushuka ni kinyume chake. Upinde au bunduki isiyo na risasi huvutwa juu kwa uzi ukishatulia, haipandi begani. Na kamba kuu isilegee hata siku moja, wala usipande juu ya pale ilipofungwa. Tandiko limetengenezwa kukubeba, siyo kukudaka ukianguka.

Mti uwe hai. Ohio imejaa miti ya ash iliyokufa wima kwa sababu ya mdudu kutoka Asia aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002. Inaonekana imara, kumbe inakatika kama biskuti. Epuka pia hickory ile ya magome yanayobanduka, ngazi ya kupandia huteleza juu yake. Kama unavuta upinde kwa mkono wa kulia, jipange njia ya kulungu iwe kushoto kwako, na upepo utoke kwake kuja kwako.

Sheria kwa ufupi: soma kozi ya uwindaji kabla ya leseni, na msimu wa bunduki ukifika vaa fulana ya rangi ya chungwa hata kama una upinde tu. Sehemu nyingi za umma haziruhusu kutoboa mti kwa skrubu. Kama una viza ya muda, sheria ya shirikisho inakukataza kushika bunduki isipokuwa una sababu inayokubalika, kama leseni halali ya uwindaji. Muulize wakili wa uhamiaji kwanza, usimuulize shemeji.

Halafu simu na filimbi viweke mfuko wa kifuani. Wengi huviacha kwenye mkoba ulioning'inizwa upande wa pili wa shina, na mguu ukiteleza kibaoni, mkono haufiki huko.