Kozi, Mgeni Atokaye Kaskazini: Jinsi ya Kumtambua Mjini Kisumu

Watu wakaao Kisumu wamezoea kuwaona mwewe wakizunguka juu ya masoko na juu ya ufuo wa Dunga, hata hawainui macho tena. Lakini tangu Oktoba hivi hadi Aprili huweza kupita angani ndege mwingine, asiye mwizi wa nyama sokoni, naye ni kozi. Kozi wengine huzaliwa hapa hapa Afrika na kukaa majabalini mwaka mzima. Wengine, wenye umbo kubwa zaidi, hutoka kaskazini kabisa mwa Urusi, wakaja kwetu ili kuikimbia baridi na njaa ya kwao. Yafaa tujue jinsi ya kumtambua mgeni huyu, na sababu ya kumlinda.

Kwanza, tumtofautishe na mwewe. Mwewe ana rangi ya kahawia, mabawa yake ni mapana, na mkia wake una panda. Huelea polepole akitafuta mabaki ya kuokota. Kozi ni mnene kifuani, ukubwa wake wapata wa kunguru, na jike humpita dume. Mabawa yake ni marefu yenye ncha kali, nayo huyapiga upesi upesi. Mgongo wake ni wa kijivu, kifua ni cheupe chenye mistari myembamba, na shavuni ana alama nyeusi mfano wa sharubu. Makinda yake huwa ya kahawia.

Chakula chake ni ndege walio hewani, kama njiwa. Hupanda juu sana, kisha hukunja mabawa na kujitupa chini kama jiwe. Mbio zake hapo hupita kilomita 300 kwa saa, wala hakuna mnyama mwingine ajulikanaye amshindaye. Kwa hiyo, kifaranga akinyakuliwa uani, tusiharakishe kumlaumu kozi. Mara nyingi mwizi ni mwewe.

Atakaye kumwona na atazame asubuhi na mapema, au jioni kabla ya jua kutua. Achunguze mahali pa juu, kama vile vilele vya majengo marefu na milingoti ya simu, maana kwake hayo ni kama majabali. Tena awaangalie njiwa. Wakiruka wote kwa ghafula na kukusanyika kundi moja lililobanana, pengine adui wao yuko juu yao. Aandike katika daftari tarehe, saa, mahali na alichokiona. Daftari la mwaka mmoja ni jambo dogo, bali la miaka kumi ni elimu.

Sasa tufikie jambo kubwa zaidi. Baada ya mwaka 1945 dawa ya wadudu iitwayo DDT ilienea sana duniani. Wadudu waliipata, ndege wakawala wadudu, na kozi akawala ndege. Sumu ilijikusanya mwilini mwake, maganda ya mayai yakawa membamba, yakavunjika alipoyaatamia. Huko Marekani alikaribia kutoweka. Dawa hiyo ilipigwa marufuku huko mwaka 1972, watu wakafuga makinda na kuyaachilia, na mwaka 1999 kozi aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Nasi tunayo sumu yetu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu na ziwa, watafiti waliona ya kuwa watu walitia dawa ya Furadani katika chambo ili kuwaua ndege na kuwauza kama kitoweo. Sumu hiyo haichagui. Humwua korongo, humwua mla mizoga, nayo yaweza kumdhuru mtoto aliyepewa nyama ile nyumbani. Ndege aliyekufa bila jeraha asiliwe, wala asitupwe ziwani.

Mwisho, ukimwokota ndege mwenye pete mguuni, usiogope; pete hiyo si uchawi. Mwezi wa Januari 2024, huko Usenge katika Kaunti ya Siaya, alipatikana furukombe, ndege mla samaki, akiwa dhaifu sana. Pete yake ilikuwa na jina la makumbusho ya Helsinki, nchini Finland, ikajulikana ya kuwa alikuwa amesafiri karibu kilomita 7,000. Ndege yule alikufa baadaye, lakini habari zake hazikupotea, kwa kuwa wakazi walitoa taarifa. Nawe fanya vivyo hivyo: nakili herufi na nambari zote, kisha uwapelekee habari maofisa wa wanyamapori walio karibu, au Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Mgeni aliyevuka majangwa hadi ziwani kwetu asikute chambo chenye sumu. Na ikiwa kozi hayuko salama katika mashamba yetu, basi na sisi tulao mazao yake tujihadhari.