Moshi Usoni

Kwamba moshi huumiza mapafu, kila mtu anajua. Lakini ngozi je? Sisi wanafunzi wa kutwa tunaopita Barabara ya Jogoo, Nairobi, tukifika nyumbani jioni tukijipangusa uso kwa kitambaa cheupe, kitambaa hutoka cheusi. Hayo ni masizi ya dizeli na vumbi.

Masizi yanayoonekana si kitu. Chembe ndogo za moshi hazifiki hata maikromita 2.5 kwa upana, ilhali unywele mmoja una kama maikromita 70. Hebu piga hesabu!

Ngozi ya juu ni kama ukuta: seli ndizo matofali, na mafuta yaliyo katikati ndiyo saruji. Kemikali zinazobebwa na moshi huyeyuka katika mafuta hayo na kuyaharibu. Ukuta ukipata nyufa, maji ya mwilini hupotea, ngozi hukauka na kuwasha, na mwenye ukurutu huzidiwa. Halafu kuna madoa. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa akina nyanya 400 hivi, wa miaka 70 hadi 80. Walioishi penye masizi mengi ya magari walikuwa na madoa zaidi kwenye paji la uso na mashavuni. Utasema, ah, hao ni Wazungu! Ni kweli ngozi nyeusi hulikinga jua vizuri zaidi, lakini saruji yetu ni ile ile.

Sasa linalonitia wasiwasi ni dawa tunazojitafutia. Wavulana, msicheke, ndio mnaosugua uso kwa sabuni ya kufulia mpaka ung'ae. Sabuni hiyo ni kali. Huondoa masizi pamoja na saruji yenyewe, na kesho moshi hukuta mlango wazi. Wasichana nao wakiona doa hukimbilia krimu za kujichubua. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini vingine bado huuzwa kichochoroni. Zebaki hupenya ngozi ikaenda kuharibu figo. Doa la moshi haliui mtu, jamani. Figo ni jambo lingine.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Ukifika nyumbani nawa uso siku hiyo hiyo, usilale nao. Tumia sabuni isiyo kali na viganja tu, bila kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando kidogo. Mwenye chunusi asiyapake usoni. Kofia nayo husaidia, maana jua na moshi vikikutana madhara huongezeka.

Na nyinyi wa mashambani msidhani mmepona. Moshi wa kuni una chembe zizo hizo, na mama hukaa nao saa nyingi kuliko sisi barabarani. Mkienda likizo, pasueni kuni mapema zikauke juani, na dirisha la jikoni liwe wazi anapopika.