Maini ya buchani na maini ya kopo: nalirudia jibu langu



Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya Alasiri katika msikiti mmoja wa hapa Kariakoo, mama mmoja alinisubiri nje ya mlango wa wanawake. Mkononi alikuwa na kopo la plastiki, jipya, lenye picha ya ng'ombe anayekula majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba ustadhi. Nina swali, wala sitakuchelewesha."

Akanieleza kuwa binti yake ana ujauzito wa miezi mitano. Amepimwa kliniki, damu imesoma nane. Muuzaji mmoja wa virutubisho akamwambia mama huyu kuwa dawa ya damu ni maini, na kwa kuwa binti hana hamu ya kula nyama, basi anunue kopo hili ambalo ndani yake mna maini ya ng'ombe yaliyokaushwa, yakasagwa na kutiwa kwenye kapsuli. Ametoa shilingi elfu sitini. Alichotaka kwangu ni neno moja tu: je, ni halali?

Nikajibu palepale. Nikamwambia maini ni halali bila shaka yoyote, nikamtajia na dalili: ile riwaya mashuhuri ya Ibn Umar (r.a.), iliyopokewa na Ibn Majah na Ahmad, inayosema kuwa tumehalalishiwa mizoga miwili na damu mbili, mizoga hiyo ni samaki na nzige, na damu hizo ni ini na bandama. Mama akashukuru, akaniombea dua, akaenda zake. Jibu langu halikuchukua hata dakika moja.

Leo naandika makala haya kulirudia jibu lile, kwa sababu lilikuwa na kasoro, na kwa sababu naamini mama yule hakuwa peke yake. Makopo ya aina hii yamejaa mjini, na wanaoyanunua ni wengi.

Kilichonikosesha usingizi usiku ule ni hadithi yenyewe niliyoitumia. Nilijiuliza, ini lilitajwa humo kwa sababu gani? Jawabu liko wazi kwa anayesoma Qur'an. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameharamisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe (2:173 na 5:3), na katika Suratul An'aam (6:145) imebainishwa kuwa damu iliyokusudiwa ni ile inayomwagika. Sasa ini na bandama ni viungo vilivyojaa damu, mtu angeweza kudhani vimeingia katika katazo hilo. Hadithi ikaja kuondoa dhana hiyo. Basi. Haikusema kuwa ini halihitaji mnyama kuchinjwa! Ng'ombe akifa kibudu, ini lake ni mzoga kama paja lake lilivyo mzoga. Samaki na nzige ndio walioondolewa katika sharti la kuchinjwa, ama ini limeondolewa katika hukumu ya damu tu. Mimi nilichanganya mambo haya mawili mbele ya mama wa watu, tena nikiwa natoka kufundisha.

Siku ya pili nikamtafuta, nikaomba anipatie kopo nilisome. Maandishi yalikuwa madogo mno, nikalazimika kutumia kamera ya simu kuyakuza. Nchi alikotoka ng'ombe ilitajwa. Alama ya halali haikuwepo. Na mstari wa mwisho kabisa wa viambato ulisema ganda la kapsuli ni gelatini. Gelatini ya nini? Haikuelezwa.

Hebu tutazame jambo hili kwa utulivu. Sisi Waislamu wa nchi hii tuna msimamo mkali sana juu ya nani anachinja. Mwaka 2013, kule Kanda ya Ziwa, mgogoro wa kuchinja ulifika mahali pabaya, na Februari ya mwaka ule pale Buseresere, Geita, ukamwagika damu na mtu akapoteza maisha yake. Sikusudii kufukua yale. Nakumbusha tu kuwa suala la kuchinja kwetu si dogo. Ukienda bucha usilolijua hapa Kariakoo, Ilala au Magomeni, utauliza nani kachinja. Ukifika kwenye kuku pale Kisutu, unasimama na kushuhudia kisu. Lakini mtu huyohuyo anafungua kopo lililovuka bahari, lenye maini ya ng'ombe asiyemjua, aliyechinjwa na asiyemjua, kwa njia asiyoijua, anameza kapsuli sita kwa siku na Bismillahi anapiga. Kwa nini ini likiwa bichi tunaliuliza, likiwa unga hatuliulizi?

Yupo atakayesema kuwa ng'ombe hao wanatoka nchi za Ahlul Kitab, na chakula chao tumehalalishiwa (5:5). Ni hoja, na wanachuoni wanaoitumia wapo. Lakini wengi wao wanaweka sharti kuwa mnyama awe amechinjwa kweli na asiuliwe kwa namna nyingine, na kopo halikuelezi hilo. Hata New Zealand, ambako machinjio mengi huchinja kwa utaratibu wa halali kwa ajili ya soko la nchi za Kiislamu, kopo lisilo na alama haliwezi kukujulisha limetoka upande upi.

Ama gelatini, hapo ndipo penye uzito zaidi. Gelatini hutengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa ya gelatini ya dunia hutokana na ngozi ya nguruwe. Wanachuoni wa zama hizi wamekhitalifiana. Baraza la Fiq'hi la Kimataifa lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema haijuzu kwa Muislamu kutumia gelatini ya nguruwe, kwani ipo inayotokana na mimea na wanyama waliochinjwa kisheria, nayo inatosheleza. Kwa upande mwingine, semina ya fiq'hi ya tiba iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 ilielekea kwenye rai ya istihala, yaani kitu najisi kikigeuka dhati yake na kuwa kitu kingine basi hukumu yake hugeuka. Wanaofuata rai hiyo siwatoi maanani. Lakini sisi wengi wetu hapa ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mlango wa istihala ni mwembamba. Mfano wake mashuhuri ni pombe iliyogeuka siki yenyewe. Ngozi ya nguruwe kwetu haitwahariki hata kwa kudibaghiwa. Sasa Mshafii anayeshika madhehebu yake katika udhu na kunuti, akifika kwenye kapsuli anahamia wapi?

Dharura, watasema. Mgonjwa ana ruhusa yake, sawa. Lakini dharura husimama pale ambapo halali haipo, na hapa halali imetundikwa buchani kwenye kulabu.

Wakati nasoma kopo lile, mama akaniambia jambo ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko gelatini. Binti alikuwa ameviacha vidonge alivyopewa kliniki. "Hivi si vya asili, ustadhi? Vile vya kliniki ni kemikali, tena vinamtapisha."

Hapo nikaona kuwa jibu langu la dakika moja lingeweza kuumiza nafsi mbili. Nilimwambia amhoji nesi, kisha nikakaa kufanya hesabu ambayo kila mmoja wenu anaweza kuifanya. Kopo lilisema kapsuli sita zina gramu tatu za unga wa ini. Ini bichi ni maji kwa takriban asilimia sabini, kwa hiyo gramu tatu za unga ni kama gramu kumi za ini bichi: kipande kimoja kidogo cha mshikaki. Gramu mia moja za ini la ng'ombe zina madini ya chuma miligramu tano hadi sita. Basi dozi nzima ya siku inampa binti yetu takriban nusu miligramu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza mjamzito apate kwenye vidonge miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku pamoja na asidi ya foliki. Hata tukikubali kuwa chuma cha nyama kinafyonzwa na mwili vizuri zaidi, nusu na sitini haviko pamoja.

Na upungufu wa damu si jambo la kufanyia majaribio. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa nchi hii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa wajawazito ilikuwa asilimia 57. Mwanamke mwenye damu nane akipatwa na kutokwa damu wakati wa kujifungua hana akiba. Vidonge vile vya kliniki ni madini na vitamini, na vinapokuwepo hutolewa bure. Vikimtapisha, anaweza kumuuliza nesi kama atavimeza baada ya chakula au usiku, na asiache tu.

Muuzaji alikuwa amemwambia mama pia kuwa Wazungu walipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya maini. Hilo ni kweli, ila alisema nusu yake. Mwaka 1926, George Minot na William Murphy wa Boston walieleza jinsi wagonjwa wa aina moja ya upungufu wa damu, iliyokuwa ikiua, walivyopona kwa kulishwa maini, na mwaka 1934 wakapewa tuzo hiyo pamoja na George Whipple. Lakini wagonjwa wale walikula ini lenyewe, hadi kiasi cha nusu ratili kila siku. Na ugonjwa ule ulihusu vitamini B12, iliyokuja kutengwa mwaka 1948. Haukuwa upungufu wa chuma.

Kuna habari nyingine ambayo muuzaji hakuijua, nayo inatuhusu zaidi. Mwaka 1928 daktari mmoja Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu kwa wajawazito wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Alikuta kuwa wenye lishe duni zaidi na waliopatwa zaidi walikuwa wanawake maskini wa Kiislamu. Kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya kugunduliwa asidi ya foliki katika miaka ya 1940. Kwa maneno mengine, kidonge kile ambacho binti yetu alikiita kemikali kilianza kutafutwa kwa ajili ya mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na mimba na hana damu, ng'ambo ya bahari hii hii yetu.

Je, maini basi tuyaache? La hasha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdurrahman bin Abi Bakr (r.a.) kuwa walikuwa safarini pamoja na Mtume (s.a.w.), watu 130, akapita mshirikina mmoja na mbuzi na kondoo wake. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama ni wa kuuza au ni zawadi, akanunua mmoja, akachinjwa, akaamrisha ini lake lichomwe. Hakuna hata mmoja katika wale 130 ambaye hakukatiwa kipande, na asiyekuwepo aliwekewa fungu lake. Tazama mpangilio: ameuliza, amenunua, amechinjiwa, ndipo likachomwa na kugawanywa.

Mjini kwetu maini ya asubuhi na chapati ni chakula kinachojulikana. Tatizo ni kikombe cha chai ya rangi kinachoshuka nayo, kwani majani ya chai hupunguza ufyonzwaji wa chuma. Chai isubiri saa moja au mbili. Ndimu, kinyume chake, inasaidia, hasa chuma cha mboga na maharage. Unaponunua, angalia mnyama amekaguliwa, nyama ina muhuri. Maini ya ng'ombe wetu mara nyingi huwa na minyoo, na wakaguzi machinjioni huyatupa mengi kwa sababu hiyo. Yapikwe yaive. Mjamzito asiyafanye chakula cha kila siku, maana yamejaa vitamini A, ambayo ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Uingereza wajawazito huambiwa wasiyale kabisa. Kwa hili pia nesi ndiye wa kuulizwa.

Vijana huniuliza pia kuhusu viungo vingine vinavyopikwa supu. Ndugu zetu Mahanafi, ambao hapa mjini tunao wengi wenye asili ya Bara Hindi, wanavikataa viungo saba vya mnyama, zikiwemo tupu, makende, kibofu na nyongo, kwa riwaya ya Mujahid. Kwetu Mashafii mambo ni mepesi kidogo. Figo, moyo, bandama na utumbo uliosafishwa havina tatizo. Ukimwalika Mhanafi, muulize kwanza.

Nilirudi kwa mama yule na kumwambia: jibu langu la kwanza nimelifuta, na kopo hili kwa rai yangu liachwe, kwa shaka iliyomo na kwa kuwa halimfai binti. Hakukasirika. Aliuliza tu kama muuzaji atamrudishia fedha. Tulikwenda pamoja, hakurudisha. Binti amerudi kwenye vidonge vya kliniki, anavimeza usiku, na kipimo cha mwisho nilichoambiwa kilisoma tisa na nusu. Kopo liko kwangu, nalitumia darasani. Huwapa wanafunzi walisome, kisha nawauliza swali lile la mama, na hadi sasa wengi hujibu haraka kama nilivyojibu mimi.

Wallaahu a'lam.