Sadaka na Kura

Ndugu msomaji, ukimwuliza mtu wa mji wetu sadaka ni nini, atakutajia futari, kisima, madrasa na sanda ya maskini. Yote ni kheri, wala hatupunguzi hata moja. Lakini mwulize tena: kumsaidia mtu apate haki yake ya kupiga kura, je, si sadaka? Hapo atanyamaza, au atasema hiyo ni siasa. Somo letu la leo ni kuipima kauli hiyo.

Wakfu ni kuizuia mali isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na faida yake itumike katika kheri. Mfano mashuhuri ni ardhi ya Sayyidna Umar bin Khattab huko Khaybar, aliyoizuia kwa shauri la Mtume (s.a.w.), mazao yake yakawa ya maskini, jamaa, wasafiri na wageni. Katika pwani yetu jambo hili lina sheria yake tangu mwaka 1900, na Tume ya Wakfu ya Kenya ilisimama kwa muda mrefu juu ya sheria ya mwaka 1951.

Sasa tutazame haja ya watu. Ibara ya 38 ya Katiba ya mwaka 2010 yampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Lakini haki hiyo ina mlango, na ufunguo wake ni kitambulisho au pasipoti. Kijana wa Ganze asiye na cheti cha kuzaliwa, au bibi mzee wa Magarini asiye na nauli ya kufika ofisini, haki yake imeandikwa, naye hana njia ya kuifikia. Kumlipia nauli hiyo na kumwandikia maombi yake ni kumtoa dhiki, kama vile kumlisha.

Je, tuchukue mali ya msikiti? La. Sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa; kilichowekwa kwa taa na mikeka hakigeuzwi kwa kazi nyingine. Anayetaka kheri hii na aweke wakfu mpya, hata ikiwa ni duka moja, kodi yake iwe ya vitambulisho na darasa za uraia.

Faida ya kuwa na mali yetu wenyewe twaiona Mombasa. Jumuiya ya MUHURI, iliyoundwa mwaka 1997, huendeshwa kwa misaada, ikiwamo ya mifuko ya hisani ya ng'ambo. Iliwafunza wananchi kukagua fedha za maendeleo za majimbo yao: darasa limejengwa, au limejengwa kwenye karatasi tu? Mwaka 2015 akaunti zake zilifungwa kwa tuhuma za kusaidia ugaidi, hata mahakama ikaamuru zifunguliwe. Mwenye mali kidogo ya kudumu, na hesabu zilizo wazi, hasimami kazi kwa siku moja.

Lakini kuna mpaka, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mfuko wa unga unaotolewa ili mtu fulani achaguliwe si sadaka. Ni rushwa, ingawa umetolewa kwa bismillahi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 humshika mtoaji na mpokeaji pia. Na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2024, huyakataza mashirika hayo kukipigia debe chama au mgombea. Basi sadaka humfikisha mtu mlangoni kwa sanduku la kura. Mkono wake ni wake, na amana ni yake.

Tena kura ni siku moja katika miaka 5. Katiba yaitaka kaunti iwashirikishe wananchi katika mambo ya fedha. Kaunti ya Kilifi ina majimbo 7 na wadi 35. Katika kila wadi bajeti husomwa, na mara nyingi viti huwa vitupu. Anayelalamikia zahanati isiyo na dawa, siku hiyo alikuwa wapi?

Maswali ya kuzungumza katika darasa:
1. Katika mtaa wako, ni wangapi waliotimu miaka 18 wasio na kitambulisho?
2. Ni ipi tofauti ya sadaka na rushwa, ikiwa kilichotolewa ni kimoja?
3. Nani kati yetu ataanza wakfu huu, na kwa kitu gani?

Wabillahi taufiki.