Muundo wa Molekuli na Utendakazi wa Safaktanti zenye Florini

Mwanafunzi wa isimu anajua kwamba fonimu moja ikibadilishwa, neno hupata maana nyingine: pata si bata. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa katika kemia nako badiliko dogo la muundo huzaa dhima mpya.

Safaktanti ni dutu ipunguzayo mvutano wa uso wa maji. Mfano wake wa kila siku ni sabuni. Molekuli yake ina kichwa kipendacho maji na mkia uyakwepao. Mkia wa sabuni ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na haidrojeni. Katika safaktanti zenye florini, nafasi ya haidrojeni hutwaliwa na florini.

Kwanza, atomu ya florini ni kubwa kuliko ya haidrojeni, hivyo huufunika mnyororo na kuufanya usipindike kwa urahisi. Pili, mikia hiyo huvutana kwa nguvu hafifu mno, hata ikakwepa maji na mafuta pia. Mvutano wa maji safi ni takriban milinyutoni 72 kwa mita. Sabuni za kawaida huushusha hadi 30 hivi, ilhali zenye florini huweza kuufikisha chini ya 20. Ndiyo maana povu la kuzimia moto lililobuniwa Marekani katika miaka ya 1960 hutandaza utando wa maji juu ya petroli na kuuzuia mvuke wake. Tatu, mkia mrefu hutenda kazi kwa kiasi kidogo cha dutu. Mkia mfupi huhitaji kiasi kikubwa zaidi.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Kifungo cha kaboni na florini ni imara mno, kwa hiyo bakteria na jua hushindwa kukivunja. PFOS, yenye kaboni 8, hudumu majini na kujilimbikiza katika damu ya binadamu. Mwaka 2009 iliwekewa vikwazo katika Mkataba wa Stockholm. Watengenezaji walipogeukia mikia mifupi, tatizo halikuisha: PFHxS, yenye kaboni 6, nayo hukaa mwilini kwa miaka, ikaingizwa katika mkataba huo mwaka 2022.

Kwa kuhitimisha, kuufupisha mkia si kukivunja kifungo. Sifa inayookoa maisha penye moto ndiyo inayohatarisha maji ya kisima. Kwa hiyo, anayechagua povu hana budi kuuliza kwanza: je, lina florini?